Vigingi vya Mbono

Mgeni alifika asubuhi ya Jumanne, bila salamu ya kutangulia wala simu, wakati Mwamvita akifagia maji ya mvua yaliyotuama mbele ya nyumba. Alikuwa msichana mrefu, mabuti yamejaa tope, begani amebeba miguu mitatu ya chuma iliyofungwa pamoja, mkononi ana kisanduku cha njano. Alisimama katikati ya uchochoro akaangaza huku na huku, kama mtu aliyeota mahali kisha akapakuta.

“Hodi,” alisema, ingawa mbele yake hapakuwa na mlango. “Hapa ndipo Mtaa wa Kisimani?”

“Ndipo penyewe. Karibu.”

“Naitwa Julieth, mpima ardhi. Nilipangiwa kuja kwenu mwezi wa tano, lakini huko nilikokuwa mvua imekata barabara, wakasema nisikae bure. Nina leo na kesho tu.”

Ufagio ukatulia mkononi mwa Mwamvita. Mtu huyu alimsubiri mwaka mmoja na miezi minne. Yeye alikuwa katibu wa kamati ya urasimishaji. Ndiye aliyepiga hodi nyumba kwa nyumba akieleza kwamba mtaa ukipimwa kila mwenye nyumba atapata hati yake, na uchochoro utapanuliwa uwe njia ya mita tatu, bajaji iingie, mfereji upite, maji ya mvua yasilale tena vyumbani mwa watu. Njia hiyo alikuwa ameiwaza mpaka ikawa na sauti. Akichagua mchele aliisikia: hatua za watu wengi, za taratibu, kama za wapagazi wa zamani waliopita hapa na mizigo vichwani wakielekea Ujiji. Ila wa kwake walikuwa wanawake waendao kliniki, na wanafunzi, na wazee waliotoka msikitini, wala hakuna aliyejibanza ukutani kumpisha mwenzake.

“Umekunywa chai, mwanangu?” aliuliza.

Julieth alikuwa anaangalia vigingi.

Vilikuwa thelathini na vinane, pande zote mbili za uchochoro. Kamati ilivipigilia mwezi wa kumi na moja ili kuonyesha njia itakapopita. Vya chuma havikupatikana, basi wakakata matawi ya mbono kwenye nyua za watu, kwa kuwa mbono uko kila mahali na haumuumizi mtu kuutoa. Kisha mvua zikaja. Vigingi vikachipua. Sasa vilikuwa na majani mapana ya kijani yaliyong’aa matone, safu mbili zimetazamana, na uchochoro wenye harufu ya choo ulifanana na njia ya kuingilia harusini. Hakuna aliyelikusudia hilo. Lakini katika mji ule mbono ulioota ni mpaka. Mtoto wa miaka sita analijua. Watu walikwisha kurudisha nyua zao nyuma ya majani bila kuambiwa na mtu.

“Nimepima mitaa sita mwaka huu,” Julieth alisema, “sijaona vigingi vinavyohitaji kupogolewa.” Akatabasamu, halafu tabasamu likapungua. “Mbona hapa njia inapinda?”

Ilikuwa inapinda kweli. Ilinyooka tangu barabara kubwa, ikafika mbele ya nyumba ya Mwamvita, ikajivuta pembeni kama mtu anayekwepa dimbwi, ikaingia uani kwa jirani wa ng’ambo, kisha ikanyooka tena.

“Inaniamkia,” ilisema sauti kutoka barazani. “Hata njia ina adabu. Wewe bado.”

Alikuwa Bi Asmahani, mama mkwe wa Mwamvita, ameketi juu ya mkeka wake na kikombe cha kahawa, kama alivyoketi kila asubuhi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kwenu wapi?”

“Nzega.”

“Aa, Nzega. Ndiyo maana umebeba miguu mitatu. Miwili ya kwenu huwa haifiki.”

Julieth akacheka mpaka kisanduku kikamponyoka. Mwamvita hakucheka. Alikuwa anatazama ng’ambo, kwenye mlango wa Leonia.

&nbsp;

Leonia alikuwa mjane, mzaliwa wa Nzega vijijini, muuza uji. Mumewe Revocatus alipofariki, jeneza lilishindwa kukata kona ya uchochoro. Wanaume walilinyanyua juu ya ukuta wa choo, wengine wakalipokea upande wa pili, na Leonia akasimama chini yake mikono imenyooshwa juu, kama anayesubiri kupewa mtoto. Mwamvita aliona. Wiki iliyofuata akajiandikisha kwenye kamati.

Na bado, siku ya kupigilia vigingi, kosa lilitendeka machoni pake. Kamba ilipaswa kupita juu ya baraza la nyumba yao, maana kutoka katikati ya uchochoro kila upande ulitakiwa utoe mita moja na nusu. Lakini Bi Asmahani alikuwa ameketi hapo na tasbihi yake. Mzee Adinani, mwenyekiti wa mtaa, alikohoa. Mjumbe mmoja akafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Uwesu, mume wa Mwamvita, fundi seremala anayefanyia kazi ubavuni mwa baraza hilo hilo, akaikagua randa yake kana kwamba ameinunua siku hiyo. Watu saba wazima, na hakuna aliyeweza kumwambia mama wa miaka themanini: inuka.

Basi kamba ikawekwa mbele ya baraza, na mita tatu zikahesabiwa kuanzia hapo. Zikameza banda la jiko la Leonia na kusimama hatua mbili kutoka mlangoni kwake.

Leonia alitoka na mwiko mkononi. “Hapa?”

“Ni vya muda tu,” Mwamvita alimwambia. “Mpimaji akija atanyoosha. Na akija, tutaanzia kwangu. Nakuahidi.”

Leonia aliitikia kwa kichwa, akahamisha mafiga yake nyuma ya nyumba, kwenye tope. Tangu siku hiyo hakuwahi kuulizia. Kila asubuhi alipita na ndoo ya uji, akasema “Shikamoo, bibi,” akaitikiwa, akaenda zake.

&nbsp;

Kufikia saa sita Julieth alikwisha kuzunguka mtaa mzima na mashine yake. Mwamvita alimfuata na daftari la kamati. Walipofika kwa Leonia, msichana aliangalia orodha.

“Hapa wameandika mpangaji.”

“Mimi si mpangaji,” Leonia alisema. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. “Tulinunua na marehemu.”

“Una karatasi, mama?”

Leonia akaingia ndani. Alikaa muda mrefu. Alirudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine, yenye saini ya balozi wa nyumba kumi na alama za dole gumba. Aliishika kwa mikono miwili, akasimama, kwa sababu kiti kimoja alichokuwa nacho alikuwa amempa mgeni.

“Nani aliandika mpangaji?” Julieth aliuliza.

Mwamvita aliutambua mwandiko. Ulikuwa wa Mzee Adinani. Lakini orodha ilisainiwa na katibu, na katibu ni yeye.

“Ni makosa yetu,” alisema. “Nitayarekebisha.”

Julieth akamgeukia Leonia, akamwamkia kwa lugha ya kwao. “Mwangaluka, mayu.” Uso wa Leonia ukafunguka kama dirisha. Wakaongea kidogo, wakacheka jambo fulani la Nzega, na Mwamvita, mzaliwa wa mjini, akasimama kando akihisi kwamba miaka yote tisa ya ujirani hajawahi kuusikia mcheko huo.

Kisha msichana akahesabu kwenye mashine, na mcheko ukaisha.

“Njia ikipita kwenye vigingi hivi,” alimwambia Mwamvita pembeni, “eneo linalobaki kwa huyu mama ni dogo mno kuitwa kiwanja. Sitaweza kuliandikia namba. Na bila namba hakuna hati. Kwenye ramani atakuwa hayupo.”

“Na ukinyoosha?”

“Nikinyoosha atakuwepo.” Julieth akatazama ng’ambo. “Lakini lile baraza litaondoka lote.”

&nbsp;

Alasiri kamati ilikutana kwenye kibaraza cha duka la Mzee Adinani. Julieth alitandaza karatasi yenye mistari miwili, mwekundu uliofuata vigingi na wa bluu ulionyooka.

“Tieni saini kwenye mstari mmoja. Kesho saa mbili naanza kuweka bikoni, yale mawe ya mpaka.”

Mzee Adinani alivaa miwani, akavua. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kukesha hospitali na watoto wasio wake. “Ndugu zangu,” alisema, “vigingi vimeota. Watu wameridhika. Tukianza kung’oa leo, kesho kila mmoja atasema na cha kwake king’olewe. Leonia tutamwombea kiwanja nje ya mji, huko kuna nafasi, atalima hata mchicha.”

“Uji wake atamuuzia nani huko?” mtu aliuliza. “Mchicha?”

Watu wakacheka. Leonia naye alicheka kidogo, maana hakutaka kuonekana amenuna. Alikuwa amekaa mwisho kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Leonia,” Mzee Adinani alisema, “una pingamizi?”

“Nyie ndio viongozi, mzee.”

“Kwa hiyo huna.”

“Nyie ndio viongozi,” alirudia, na safari hii macho yake yalimpitia Mwamvita, hayakusimama, yakaenda kutua kwenye karatasi.

Mwamvita alifungua kinywa. Upande wa pili wa kibaraza Uwesu alikuwa anamtazama, vumbi la mbao nyusini, akimwomba kitu kwa macho. Maneno yaliyokuwa tayari yakageuka mengine.

“Tupeni mpaka asubuhi,” alisema.

&nbsp;

“Mimi sikatai haki,” Uwesu alisema walipofika nyumbani. “Nani amekataa haki? Nasema tu, baraza lile si langu wala lako. Alilijenga babu, baba yake mama. Na mimi nirande wapi? Chumbani, kitandani?”

“Uani.”

“Wateja wapite jikoni kwako kunitafuta.”

“Wapite.”

Uwesu akaketi juu ya benchi lake la kazi. “Basi wewe ukamwambie mama. Mimi siwezi. Nikifungua mdomo nitakuwa na miaka saba.”

Jua lilikuwa limelala juu ya mabati na mtaa wote ulikuwa rangi ya asali. Mwamvita alitoka. Bi Asmahani alikuwa pale pale, miguu ameikunja chini ya kanga, akitazama majani ya mbono yakipepea.

“Kaa,” alisema. “Unatembea kama mleta taarifa ya msiba.”

Mwamvita akakaa ukingoni. Saruji ilikuwa bado na joto. “Mama, ile siku ya kamba.”

“Naikumbuka. Mlisimama hapa watu saba mkakohoa. Nikadhani mna mafua.”

“Kamba ilitakiwa kupita hapa ulipokaa.”

Bi Asmahani aliacha kuvuta punje za tasbihi. Ng’ambo, Leonia alikuwa anapuliza moto nyuma ya nyumba yake. Moshi tu ndio ulioonekana.

“Mbona hamkuniambia niinuke?”

“Tulikuheshimu, mama.”

“Mlinifanya jiwe,” mama mkwe alisema. “Jiwe ndilo linalozungukwa. Mtu huambiwa, mama, tupishe kidogo. Ningepisha. Siku ile ningeinuka na mkeka wangu na kikombe changu, nikakaa ndani, mkapitisha kamba yenu.” Alitazama ule moshi. “Kwa hiyo miezi yote hii yule binti ananiamkia, shikamoo bibi, shikamoo bibi, na mimi nimelikalia jiko lake?”

“Ulikuwa hujui.”

“Yeye anajua kwamba sikujua?”

Mwamvita aliwaza asubuhi zote zile, ndoo ya uji, salamu, na jinsi salamu ilivyotoka laini kila siku.

“Niliahidi kwamba mpimaji akija tutaanzia hapa,” alisema. “Kesho.”

Bi Asmahani alipitisha kiganja juu ya saruji, taratibu, kama anayepapasa mgongo wa mnyama mzee. “Baba yangu alikuwa anasema watu wa misafara walipumzika mahali hapa hata kabla hapajajengwa. Akajenga ili mtu akipita apate pa kukaa. Mimi nimechumbiwa hapa. Hitima ya mume wangu ilisomwa hapa.” Alivuta pumzi. “Haki naiona, mwanangu, siwezi kuikataa. Lakini macho yangu siwezi kuyaamrisha yatazame. Nitakwenda Igalula kwa wifi yako Hafsa.”

“Mpaka lini, mama?”

“Sijui. Nikirudi nitakaa wapi? Chumbani, nihesabu boriti?”

“Mama…”

“Usinibembeleze. Ukinibembeleza nitakubali kubaki, halafu nitakuchukia kila siku kidogo kidogo. Afadhali niondoke nikiwa bado nakupenda.”

&nbsp;

Asubuhi ilikuja na ukungu mwepesi, na mahali fulani upande wa stesheni treni ililia mara mbili. Mwamvita alifika dukani kwa Mzee Adinani kabla ya wajumbe wengine. Walipokamilika akachukua kalamu, akatia saini kwenye mstari wa bluu, akamsogezea mwenyekiti karatasi.

“Tutausimamisha mtaa mzima kwa ajili ya jiko moja?” Mzee Adinani aliuliza.

“Ni baraza moja ndilo lililousimamisha, mzee. Baraza langu. Mimi nilikuwepo, na wewe ulikuwepo, ukakohoa.”

Mmoja wa wajumbe akacheka puani. Mzee Adinani alivaa miwani, akasaini. “Na pale alipoandikwa mpangaji,” alisema bila kuinua macho, “futa. Nilisikia vibaya.”

“Hukuuliza, mzee,” Mwamvita alisema, na akafuta.

Aliporudi alimkuta Leonia amesimama mbele ya vigingi vyake vitatu, ndoo ya uji kichwani, hajui kama aende au akae.

“Ving’oe,” Mwamvita alimwambia.

“Vimeota, dada.”

“Vitaota kwingine. Nimechelewa kukuambia. Jana nilitakiwa kusema mbele ya watu, nikanyamaza. Nisamehe.”

Leonia aliitua ndoo. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliinama, akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, akakitikisa; ardhi ilikuwa imelowa, kikatoka na mizizi yake myeupe. Alikiangalia. Kisha akavuka uchochoro, akakilaza chini mbele ya nyumba ya Mwamvita, pale mstari wa bluu ulipopita.

“Tuanzie wapi?” Julieth aliuliza, akikaza miguu mitatu ya mashine yake huko mwisho wa njia.

“Hapa kwangu.”

Uwesu alikwisha kuondoa benchi na mbao tangu alfajiri. Alikwisha pia kupiga nyundo pembe ya baraza, kipande cha kutosha kuchimbia bikoni, na vumbi jeupe lilikuwa bado juu ya majani. Kazi iliyobaki aliiacha. Julieth hakuwa na msaidizi, kwa hiyo alimpa Mwamvita ufito mrefu wa chuma wenye kioo juu, akamwonyesha kijipovu kilichoelea ndani ya duara dogo.

“Hiki kikae katikati. Usigeuke, usitikisike, mpaka nikuambie. Ukiyumba hapa kidogo, kule mwisho tutakuwa ndani ya nyumba ya mtu.”

Mwamvita akausimamisha ufito kwenye shimo la bikoni ya kwanza. Watu walikuwa wametoka kutazama. Akakikazia macho kipovu mpaka kikatulia.

Nyuma yake mlango ulifunguka. Alisikia Uwesu akiburuta begi, kisha hatua anazozijua, fupi, za ndara. Bajaji ilikuwa inasubiri barabara kubwa, maana haikuweza kuingia. Ilibidi mama atembee uchochoro wote. Mwamvita alitaka kugeuka. Alitaka kuuchukua mkono ule aubusu, amwombe radhi kwa mara nyingine, ambebee hata mkeka. Kipovu kikajongea ukingoni. Akakirudisha.

Hatua zikasimama ubavuni pake. Alisikia harufu ya kahawa na udi.

“Shikamoo, bibi,” Leonia alisema kutoka ng’ambo.

“Marahaba, mwanangu.” Sauti ya Bi Asmahani ikavuka uchochoro. “Jiko lako lirudishe mbele. Moshi wa nyuma unaua macho.”

“Ahsante, bibi.”

“Mama,” Mwamvita alisema, macho kwenye kipovu.

“Usigeuke,” mama mkwe alisema. “Shika mti wako. Mkikosea na leo, mimi sitakuwepo wa kusingiziwa.”

Ndara zikaendelea, taratibu, zikipita kati ya majani yaliyolowa, kigingi baada ya kigingi, mpaka zikamezwa na ukungu. Baadaye kidogo bajaji iliwaka, ikakohoa, ikaondoka. Kipovu kilionekana kucheza. Mwamvita akashtuka, kisha akatambua kwamba yaliyocheza ni macho yake yaliyolowa. Mkono ulikuwa umetulia.

“Hapo hapo,” Julieth alisema kutoka mbali. “Bado kidogo.”

Akaendelea kuushika ufito.